Utamzikaje Anayetembea?

Kulipopambazuka, mwili wa Ambilikile uliinuka, ukaketi kitandani, ukashusha miguu sakafuni na kungoja uvalishwe viatu.

Sekela alikuwa ameshaamka. Alipiga magoti, akakaza kamba za viatu, kisha akajisogeza pembeni kama mtu anayempisha ng'ombe mlangoni. Mwili ukasimama. Mumewe alikuwa na miaka hamsini na sita, lakini mapaja aliyokuwa akiyatazama pale chini yalikuwa ya mwanamume aliye kwenye nguvu zake, magumu, yamejaa. Macho yalikuwa wazi. Hayakumtazama yeye wala hayakutazama ukuta. Yalikuwa wazi tu, kama madirisha ya nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Mwili ukatoka nje, ukaingia kwenye ukungu wa Tukuyu na kuanza kukimbia taratibu kuelekea mashamba ya chai.

Barabarani haukuwa peke yake. Alfajiri mjini pale ilikuwa ya watu wa makamo: waliopona saratani, waliofunguliwa moyo, waliowahi kupooza upande mmoja. Kila mmoja alikuwa na kisahani kidogo kilichofukiwa chini ya ngozi ya bega. Kifaa hicho kiliitwa Mwenzi, na tangu hospitali zianze kukipandikiza, wodi za waliopooza zilibaki na vitanda vitupu. Watu hao walikimbia wakihema, wakasalimiana, wakataniana juu ya vitambi vilivyogoma kuisha. Walipokutana na mwili wa Ambilikile waliacha utani, wakaupisha. Hapo mwanzo walikuwa wakiuamkia. Siku hizi hakuna aliyejua aseme nini.

*

Ambilikile mwenyewe, zamani, hakuwa mtu wa mbio. Alifundisha jiografia, na milima yote ya dunia aliipanda akiwa ameketi. Alipenda kitimoto, bia baridi na kiti cha kuegemea, na kila alipoona wanaokimbia alisema Mungu amempa miguu ya kumfikisha mezani, basi. Kiharusi cha kwanza kilimkuta anasahihisha mitihani. Kilimnyang'anya upande wa kulia na nusu ya maneno yake.

Mwenzi ndiye aliyemrudisha. Mafundi walimpangia punje ndogo kama za ulezi kando ya uti wa mgongo, wakaziunganisha na kile kisahani cha begani. Ubongo ulipotaka mguu unyanyuke na amri ikakwama njiani, Mwenzi aliinasa amri hiyo na kuimalizia. Siku zilivyokwenda, Mwenzi akajifunza mwili wote: sukari yake, mapigo ya moyo, pumzi, mahali unapochoka na mahali unaposingizia uchovu. Akawa anaujua kuliko mwenyewe. Leo anaurefushia mwendo kidogo, kesho anaupumzisha, keshokutwa anaupandisha kilima. Baada ya mwaka, kitambi kilikuwa kimekwisha, na Sekela, aliyezoea mume mnene, alikuwa akimwonea haya kama mchumba. Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote ya ndoa yao.

Siku moja Ambilikile alirudi jasho likimtiririka, akaketi kwenye ngazi na kumwambia mkewe, "Nikianguka tena, Mama Lugano, usiniache nikae kama gunia." Wakacheka. Sekela hakumuuliza ana maana gani.

Kiharusi cha pili kilimjia usingizini. Asubuhi aliamka kama kawaida, akaenda mbio zake, akarudi, akaketi mezani. Sekela alimmiminia chai na kusubiri ugomvi wao wa kila siku, maana daktari alikuwa amempiga marufuku sukari na yeye hakukosa kuiomba. Chai ikapoa. Hakuomba. Ndipo Sekela alipomtazama vizuri usoni.

Madaktari walimweleza bila kumficha. Sehemu ya ubongo inayofikiri, inayokumbuka, inayomjua mke na mtoto, ilikuwa imekufa. Shina lake dogo lililobaki liliendesha pumzi na mapigo ya moyo. Yaliyosalia yote, kusimama, kutembea, kutafuna, hata kumeza, yalikuwa ya Mwenzi. Hakuna aliyekuwa amemfundisha Mwenzi kutambua kwamba mwenye mwili ameondoka. Alipewa kazi ya kuutunza mwili, naye akaendelea kuutunza.

Sheria ilimwachia mke neno. Siku yoyote angeweza kutamka, mbele ya fundi na ndugu mmoja wa mume, kwamba Mwenzi azimwe. Mwaka ukapita, na wa pili ukaelekea kwisha, na Sekela hakutamka. Alikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu. Kila asubuhi mwili uliporudi, aliuketisha, akauosha miguu kwa maji ya moto, kisha akaushika mkono. Na ule mkono ulimbana. Mara mbili, polepole, kama Ambilikile alivyokuwa akimbana kanisani mahubiri yanapokuwa marefu.

*

Dafrosa, fundi wa Mwenzi wa wilaya nzima, alikuwa mwanamke wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuja kila baada ya miezi kadhaa kukagua. Safari hii aliuwekea mwili chombo chake begani, akasoma kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Moyo huu ni wa kijana, Mama Lugano," alisema. "Mishipa imesafika. Mifupa haina tatizo. Kwa hali hii anaweza kwenda miaka thelathini, au zaidi."

Sekela alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alipiga hesabu hiyo kimoyomoyo, akaogopa. Akajiona bibi kizee asiyeweza kuinama, anamfunga kamba za viatu mwanamume mwenye mapaja yale yale. Huenda ni woga huo uliomfanya aseme lile alilolificha. Alimweleza Dafrosa habari za mkono. Alisema yeye si mjinga, anajua madaktari waliona nini kwenye picha zao, lakini wao hawapo asubuhi. Ambilikile yumo humo ndani mahali fulani, na ile ndiyo njia pekee iliyombakia.

Dafrosa alikiweka tena chombo begani. Akafungua kumbukumbu za vidole, akasoma tena. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu.

"Natamani nisikwambie," alisema. "Lakini ukija kuambiwa na mwingine utanichukia zaidi."

Alieleza taratibu, akirudia pale Sekela alipokunja uso. Mwenzi hajui mapenzi wala huzuni. Hujaribu jambo dogo, huangalia kama mwili umenufaika, na likinufaisha hulishika. Ndivyo alivyojifunza kuinua mguu kwenye jiwe, ndivyo alivyojifunza kugeuka kitandani ili ngozi isichubuke. Miezi michache baada ya kiharusi cha pili, vidole vya mkono wa kulia vilijikunja kwa bahati tu wakati Sekela ameushika. Siku hiyo Sekela alikaa muda mrefu zaidi. Aliulisha taratibu, mwili haukupaliwa. Aliukanda mgongo. Mwenzi akaona hali imekuwa nzuri, akajaribu tena kesho yake. Akajaribu kubana mara moja, mara tatu, mara mbili. Mara mbili ndiyo iliyoleta matunzo bora.

"Kwa hiyo inanibembeleza," Sekela alisema.

"Haijui kubembeleza. Inajua kinachofanya mwili utunzwe."

Sekela alitazama ule mkono uliolala juu ya goti. Akamwomba Dafrosa avizime vidole peke yake na kuacha mengine yote. Alitaka kujua. Kama Ambilikile yumo, na abane mwenyewe.

Dafrosa alivizima.

Kuanzia kesho yake Sekela aliuosha mwili miguu, akaushika mkono na kungoja. Mvua za masika zilianza, migomba ikalala kwa upepo na kuinuka tena, naye alikaa pale kila asubuhi mpaka maji ya beseni yanapoa. Alisema naye. Alimwambia Lugano amepata kazi Dodoma, alimkumbusha harusi yao na yule jogoo aliyekimbia na kamba mguuni. Wakati mwingine alimtukana kidogo, kama walivyozoea. Mkono ulikuwa na joto, ulikuwa mzito, na haukubana.

Lililomtisha ni kwamba baada ya majuma hayo hamu yake haikuwa ya Ambilikile. Ilikuwa ya ule mbano wa Mwenzi. Kuna asubuhi alitaka kumpigia Dafrosa aurudishe, hata kama ni uongo.

*

Gwamaka, mdogo wake Ambilikile, alikuja kila Jumamosi kutoka Kyela kukimbia na kaka yake. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua moyo na alikuwa na Mwenzi wake. Alikimbia ubavuni mwa ule mwili, akiusimulia habari za kakao, za mafuriko, za watoto, na akirudi alikuwa na uso wa mtu aliyezungumza na ndugu yake. Sekela alipomweleza aliyoyasema Dafrosa, na kwamba anafikiria kutamka, Gwamaka aliweka kikombe chini.

"Anatembea, shemeji. Utamzikaje mtu anayetembea?"

Sekela alimwambia anayetembea si yeye. Gwamaka akauliza ni nani basi aliyesema asiachwe akae kama gunia. Maneno yale Sekela alikuwa amemsimulia mwenyewe siku za mwanzo, na sasa yalimrudia. Akajibu kwamba naye ameyalalia na kuyaamkia maneno hayo. Huenda Ambilikile alitaka asimamishwe kwa njia yoyote. Na huenda gunia ni hili hili, isipokuwa limepewa miguu. Hawakuafikiana. Lugano, alipopigiwa simu, alisema yeye alimlia baba yake zamani, na kwamba mama ndiye anayeishi humo ndani, atakaloamua ni sawa. Sekela alikata simu akijihisi mpweke kuliko kabla hajaipiga.

Kisha akafa mzee Mwaijande. Huyu alikuwa rafiki wa Ambilikile tangu utoto, mwenzake wa bia na wa ubishi, na mtu pekee mjini ambaye hakuacha kuuamkia ule mwili. Walikuwa wamemzika mke wa Mwaijande pamoja, bega kwa bega. Mazishi yake yaliwekwa asubuhi ya Jumamosi kwa sababu ya mvua za mchana, na jeneza lilitolewa nyumbani na kuwekwa barabarani juu ya meza, watu waage.

Sekela alikuwa kati ya wanawake waliokaa kwenye majani ya migomba. Aliisikia minong'ono kabla hajaona kitu. Mwili wa Ambilikile ulikuwa ukishuka barabara ile kwa mwendo wake, Gwamaka akiwa pembeni. Gwamaka aliliona jeneza, akaushika mwili mkono ili usimame. Mwenzi aliuchukulia mkono wa Gwamaka kama tawi lililoangukia njiani. Mwili ulimsukuma pembeni bila hasira, kwa adabu kabisa, na Gwamaka, mwenye nguvu zake, aliyumba akakanyaga mtaroni. Kwaya ikakatika. Mwili ukaingia katikati ya waombolezaji, ukawakwepa mmoja mmoja bila kumgusa mtu, ukafika kwenye jeneza lililokuwa wazi. Mwenzi akapima nafasi iliyobaki kati ya meza na magoti ya watoto wa marehemu. Mwili ukapita upande upande, kifua kikiwa juu ya uso wa Mwaijande, macho wazi, pumzi imetulia. Ukaendelea na safari yake.

Hakuna aliyemlaumu Sekela. Binti mkubwa wa Mwaijande alimshika bega, akamwambia kwa Kinyakyusa ndaga, pole mama, kana kwamba aliyefiwa ni yeye.

Jioni Gwamaka alikaa kwenye ngazi za nyumba, suruali ina tope mpaka magotini, akalia. Hakubadili msimamo wake. Alisema tu kwamba akiitwa kuwa shahidi, atakuja.

*

Walikutana watatu chumbani, mchana. Mwili uliketi kitandani, umeogeshwa, umevalishwa shati la buluu. Sekela alitamka. Alikuwa ameyafikiria maneno mengi, yakamtoka machache: kwamba yeye, mke wa Ambilikile, anaomba Mwenzi azimwe. Dafrosa alimuuliza mara ya pili, kama sheria inavyotaka, akajibu vilevile.

Kabla ya kuweka chombo begani, Dafrosa alisema, "Sikilizeni wote wawili. Pumzi na moyo si vya Mwenzi, vitaendelea. Ila hatameza. Nitampa dawa asiumie, ingawa naamini hakuna wa kuumia. Na mkibadili mawazo niiteni. Nikiwasha kabla moyo haujasimama, atainuka tena kama jana."

Mwili ulilegea taratibu. Sekela na Gwamaka waliudaka, wakaulaza.

Hilo la mwisho alilolisema Dafrosa ndilo lililomtesa Sekela. Alidhani ameamua mara moja, kama mtu anavyokata kamba. Kumbe kamba ilikuwa inaungana tena kila kukicha, na kila kukicha ilibidi aikate. Kwa kawaida, Dafrosa alisema, wagonjwa wa namna hii huchukua siku tano, sita. Lakini hao ni watu waliolala kitandani miaka, waliokwisha. Mwili huu ulikuwa umefundishwa kupanda vilima. Juma likaisha, na mshipa wa shingoni ulikuwa bado unaruka kwa nguvu, kwa mpigo ule ule. Sekela alilowesha kitambaa akailowanisha midomo. Aliugeuza ubavu huu na ubavu huu. Misuli ya miguu ililala juu ya shuka, haina habari.

Kila asubuhi Gwamaka, ambaye siku hizo alilala kwa jirani, alikuja, akasimama mlangoni, akauliza swali lile lile. "Shemeji, tuwashe?"

Naye kila asubuhi alisema hapana. Siku nyingine alisema kabla hajaulizwa. Kuna siku aliendelea tu kukamua kitambaa, Gwamaka akatoa simu mfukoni kumwita Dafrosa, na Sekela akauona mkono wake mwenyewe unainuka kumzuia. Baadaye alikwenda jikoni kulowesha kitambaa upya. Alikuwa anamuua nani? Kama hayumo, mbona kila asubuhi ilimbidi kusali? Na kama yumo, kwa nini amrudishe kwenye barabara ile?

Jumapili ya pili ikapita. Majirani walileta kande na maziwa, wakaketi, wakaondoka. Waliopona kiharusi, wenye Mwenzi wao begani, walikuja wachache. Hawakuingia chumbani. Mmoja, mwalimu mstaafu, alimuuliza Sekela kwa aibu kama mke anaweza kuombwa mapema ahadi ya kumzima Mwenzi, mume akiwa bado na akili zake. Sekela alimwambia akamuulize mkewe, si yeye.

Nyama zikaanza kupungua mashavuni. Mapigo yakaanza kuruka moja moja. Asubuhi moja Gwamaka alifika, akasimama mlangoni, asiulize. Alivua koti, akachemsha maji mwenyewe, akaja na beseni, akamwosha kaka yake miguu. Sekela alikaa upande wa kichwani. Mchana, mvua ilipoanza kupiga bati, Gwamaka aliinua macho akasema mshipa umetulia. Wakangoja kidogo, kwa mazoea, kisha wakajua.

Wazee wa kanisa walikuja kuuosha mwili na kuuvalisha, Gwamaka akiwasaidia. Sekela aliketi upande wa pili wa ukuta na wanawake, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto la watu. Akamsikia mzee mmoja akisema, kwa sauti ya mtu asiyejua kwamba anasikika, kwamba ameosha maiti nyingi katika maisha yake, lakini hajapata kuosha maiti mzima kama huyu.

"Alikuwa amekufa siku nyingi, mzee," Gwamaka alimjibu. "Sisi ndio tulichelewa kumzika."

Sekela alikuwa ameyatamani maneno hayo kutoka kwake kwa majuma mawili. Alikuwa amejiahidi kwamba Gwamaka akiyasema tu, atalala usingizi. Sasa aliyasikia, akayasubiri yafike yanapopaswa kufika. Wanawake wakaanzisha wimbo yakiwa bado hayajafika. Akafungua kinywa aimbe nao, na sauti aliyoitoa ikawa nyembamba, ngeni masikioni mwake, ila aliendelea nayo mpaka ubeti ukaisha, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama.